Chupa Nne Ndani ya Soksi

Sijawahi kunywa pombe, na silitaji jambo hili kama sifa. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, katika nyumba isiyokuwa nayo, nikakua hivyo, na sasa nimepita miaka hamsini. Hata hivyo kwa miaka sita nimekuwa karani wa watu wanne wanaopenda wiski, na madaftari yao ninayatunza mimi, nyuma ya kaunta ya duka langu la vipuri vya magari.

Ilianza kwa sababu ya gari. Watu hawa hukutana mara moja kwa mwaka, Jumapili iliyo kati ya Noeli na Mwaka Mpya, ufukweni mwa ziwa, Kajaga, kuanzia saa saba mchana. Petroli ilipokuwa ngumu kupatikana waliona ni upuuzi kwenda na magari manne, kisha wakaona pia kwamba kati yao hatakuwepo mtu wa kushika usukani wakati wa kurudi. Mmoja wao, mwonjaji wa kahawa niliyesoma naye shule ya msingi, akanikumbuka. Kila mmoja aliniletea petroli kiasi alichopata, ndani ya dumu, nami nikawapeleka. Nilikaa kwenye meza yangu peke yangu, hatua nne kutoka meza yao, upande unakotoka upepo, na chupa ya Fanta. Walibishana karibu nusu saa juu ya nani alisema nini kuhusu chupa ya kwanza. Mimi nilikuwa na kalamu na daftari la duka. Kuanzia chupa ya pili nikaandika.

Mtaani wapo wanaoniita karani wa walevi. Mke wangu aliniuliza mara moja tu. Nilimweleza kama ilivyo, akasema hayo ni yangu na Mungu wangu, ila viti vya gari nivisugue mwenyewe.

Utaratibu niliuweka mimi, kwa kuwa wao hawakuwa nao. Kila mmoja huja na chupa moja aliyoificha ndani ya mfuko. Kwa kawaida ni chupa iliyosafiri: imenunuliwa uwanja wa ndege wa Dubai, au imetoka Brussels ndani ya sanduku la binamu, imeviringishwa kwenye suruali. Mimi huzichukua nyuma ya gari, nikaivalisha kila moja soksi ndefu ya mpira wa miguu, nikafunga shingoni kwa kamba na kubandika namba. Wanaonja kwa mpangilio. Kila mtu husema anachokisikia, nami naandika maneno yake yalivyo, na pembeni naweka alama ya mwenye maneno: duara, mraba, pembetatu, msalaba. Baada ya hapo wanakula. Wakishakula nasoma daftari kwa sauti bila kutaja mwenye maneno, wao wanakisia ni nani, kisha soksi zinavuliwa. Nadhani wanaupenda usomaji huu kuliko kinywaji chenyewe.

Mkubwa wao ni mkurugenzi wa kampuni ndogo inayouza kahawa nje. Tunamwita Chef, yaani bosi. Wa pili ni mama mmoja mwenye duka la dawa katikati ya mji. Tunamwita Docteur ingawa kila mwaka anatukumbusha kwamba yeye si daktari. Wa tatu ni wakala wa forodha, ambaye kwa miaka yote sita ametumia maneno matatu: tamu, kali, nzuri. Wanampenda kwa sababu mbele yake kila mtu anaonekana msomi. Wa nne ni huyo rafiki yangu, mwonjaji, ambaye ni mwajiriwa wa Chef.

Kazi ya rafiki yangu inahitaji maelezo. Kahawa ya kwetu ina kasoro moja inayojulikana: punje moja ikiharibika, kikombe kizima kinanuka kiazi kibichi kilichomenywa. Kwa macho huwezi kuijua punje hiyo. Kuna mtu anayekaa mbele ya vikombe asubuhi nzima, ananusa, anavuta kijiko kimoja mdomoni kwa kelele, anatema, anaandika. Fungu likiwa na kiazi, haliendi. Huyo mtu alikuwa yeye, na mezani Kajaga pua hiyohiyo iliwatia wengine wivu. Katika daftari la pili amesema chupa fulani inanuka chumba ambamo mishumaa imezimwa sasa hivi. Katika la nne, gunia lililonyeshewa likakaushwa juani. Tunda la prune du Japon, ile nyanya ya mtini, alilitaja mara nyingi, kila mara akieleza limeiva kiasi gani.

Mwaka jana tulikutana kama kawaida. Kabla ya soksi huwa wanaulizana kila mmoja amekuwa akinywa nini nyumbani tangu Noeli. Docteur alikuwa na ya Kijapani, zawadi ya wifi yake, vidole viwili na maji kidogo wakati akisonga ugali. Chef alikuwa na ya Kiairishi, aliyowafungulia wakwe zake, nao wakaimwagia Coca mbele ya macho yake. Alisema alivumilia kwa sababu ya ndoa. Wakala wa forodha alikuwa amekunywa alichopewa. Rafiki yangu akasema yeye alitafuta kali kuliko zote, ile inayotoka kwenye pipa bila kuongezwa maji.

"We si ulisema hizo ni za kuoshea karbureta?" Docteur akamuuliza. "Haji ameandika."

Haji ni mimi. Makka sijafika.

Rafiki yangu alijibu kwamba mtu hubadilika. Chef akachukua nafasi hiyo kutangaza kwamba kuanzia Januari mwonjaji wake atakuwa mkuu wa maabara. Mpaka wakati huo karatasi ya kila fungu ilikuwa na saini mbili, yake na ya msichana mmoja anayeonja naye. Sasa saini yake moja ingetosha. Waligonganisha glasi. Niliona rafiki yangu akinywa haraka kuliko wenzake, nikadhani ni furaha.

Wakaonja, nikaandika. Mambo yalikwenda vizuri na kulikuwa na upepo wa kutosha. Chupa ya pili ilipofika, Docteur alisema ina moshi wa samaki na dawa ya kidonda, na kwamba aliwahi kuisikia mezani hapohapo. Wakati mikeke, samaki wa ziwani, iko jikoni akaniomba niangalie kama ndiyo ile ya mwaka wa nne. Madaftari matano ya miaka ya nyuma yalikuwa garini. Niliyaleta mezani kwangu nikaanza kufunua.

Chupa sikuipata. Nilichokuta ni jambo jingine, na nilikuta kwa sababu tu nilikuwa na kurasa mbili wazi kwa pamoja. Pembetatu ni alama ya rafiki yangu. Katika daftari la zamani, pembetatu ilikuwa ya kwanza karibu kila mahali: alikuwa akisema kabla ya wengine. Katika daftari la siku hiyo ilikuwa ya mwisho mara zote nne. Nikasoma maneno yenyewe. Tamu mwanzoni. Chumvi kidogo. Inachoma pembeni mwa ulimi. Nzito, inakauka polepole. Uchungu wa mwisho, mfupi. Nikayapitia tena moja moja. Yote yalikuwa maneno ya ulimi. La pua halikuwepo hata moja.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama upande wa pili wa meza na glasi tupu. Aliangalia kidole changu mahali kilipokuwa, kisha akavuta kiti.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akasema ni tangu mwezi wa tisa. Alipata homa, siku nne za kulala, akapona, na asubuhi ya tano akamenya kitunguu akakiona kama kipande cha sabuni kisicho na harufu. Alingoja wiki, kisha mwezi. Mkewe ndiye pekee aliyejua. Wiski kali aliichagua kwa sababu angalau alihisi kuna kitu kimepita.

Nikamuuliza kuhusu kahawa. Yeye aliwaza usomaji tu. Alisema atakapoanza kusomwa watu watamjua, kwa sababu kwa miaka yote maneno yake yamekuwa yakijulikana kabla sijamaliza mstari. Chef ana masikio.

"Weka hata neno moja," akasema. "Weka prune du Japon kwenye ya tatu. Mi ningekuwa mzima ningesema hivyo."

Nilifikiri. Alikuwa rafiki yangu wa miaka arobaini, na neno lenyewe lilikuwa dogo. Lakini daftari lile halikuwa na neno ambalo halikusemwa, na nilijua pia kwamba neno hilo lingekwenda moja kwa moja hadi kwenye saini ya Januari. Nilimwambia mimi siongezi. Kama anataka kuandika, ni maneno yake, aandike kwa mkono wake. Nikamsogezea daftari na kalamu, nikaenda kunawa mikono.

Niliporudi daftari lilikuwa limefungwa na yeye amerudi kwa wenzake. Sikulifungua. Tulikula. Mikeke ilikuwa mizuri siku hiyo, na alikula kama wengine, akiongeza pilipili.

Usomaji ulianza saa kumi. Chupa ya kwanza ilipita kwa vicheko. Nilipofika kwenye "tamu mwanzoni, chumvi kidogo," wote watatu walimnyooshea kidole wakala wa forodha.

"Apana," akasema wakala. "Chumvi mi sijawahi kusema. Mnanipa diploma ya mutu mwingine."

Wakamwambia amekua, hongera. Chupa ya pili ikawa hivyohivyo: maneno ya pembetatu alipewa tena wakala, naye akaanza kujitetea kama mtu aliyesingiziwa wizi. Docteur alicheka, Chef hakucheka. Alikuwa amekunja mikono na kuniangalia mimi, wala si wao.

Chupa ya tatu. Nilisoma duara, mraba na msalaba. Chini yake, kwenye pembetatu, mwandiko haukuwa wangu. Ulikuwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza fomu, herufi zimesimama. Yale niliyokuwa nimeandika mimi yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilisoma kilichokuwepo, kwa sauti ileile.

"Tangu mwezi wa tisa sisikii harufu ya kitu chochote."

Wakala akasema hiyo angalau ni yake, ana mafua. Chef akaweka glasi yake mezani.

"Rudia, Haji," Chef akasema.

Nikarudia.

"Ni yangu," rafiki yangu akasema.

Docteur ndiye aliyeanza, kwa sauti ya dukani: homa ya namna gani, ilichukua siku ngapi, kuna upande mmoja wa pua unaosikia chochote, ametumia dawa gani. Akamwambia wapo wanaorudiwa na harufu baada ya mwaka, wapo ambao hairudi, na kuna mazoezi ya kunusa vitu vinne kila asubuhi. Hakumwahidi kitu. Chef alisubiri amalize.

"Mafungu ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja uliyaonja na nini?"

"Na uso wa yule dada," rafiki yangu akasema. "Akikunja pua, naandika kiazi. Asipokunja, napitisha."

"Na kama siku hiyo alikuwa na mawazo ya kwake?"

"Hapo ndipo sijui, Chef."

Chef alisema kwamba Jumatatu mafungu yote yaliyoko ghalani yataonjwa upya, na kwamba mambo ya Januari yasizungumzwe tena mezani. Hakupandisha sauti. Kisha akauliza kama chupa ya nne itasomwa au la, nami nikaisoma, kwa sababu haikuwa na kosa lolote. Soksi zikavuliwa. Ile ya tatu ilikuwa ya Chef mwenyewe.

Wakati wa kurudi rafiki yangu alikaa mbele, karibu nami. Nyuma walizungumzia mafuriko ya Buterere. Nilimshusha wa mwisho. Alikaa kidogo na mkono kwenye mlango, akasema kwamba kama ningeweka lile neno angenishukuru usiku ule na kunichukia kuanzia Januari. Nilimwambia sikufikiria mbali hivyo. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyoandika.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe dukani, wiki mbili baadaye. Walionja upya kwa siku tatu, msichana yule na mwonjaji mmoja aliyeazimwa kutoka kampuni nyingine. Yeye alikaa mwisho wa meza akipasha maji na kuosha vikombe, kwa kuwa Chef alisema awepo. Mafungu mawili yalikuwa na kiazi. Moja lilikuwa limekwisha kupitishwa, kwa saini yake na ya msichana, na msichana alilia. Chef alimwambia rafiki yangu kazi anayo, ila si ya meza: atakwenda Kayanza, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, asimamie vitanda vya kukaushia, ambako punje mbaya hutolewa kwa macho. Mshahara umepungua na nyumbani atakuwa anafika Jumapili moja kati ya mbili. Alikubali papo hapo. Mkewe alinuna siku mbili, kisha akamnunulia koti, maana kule ni baridi.

Siku yake ya mwisho maabarani alichukua kijiko chake cha kuonjea, kizito, cha fedha, alichopewa na mzungu mmoja aliyemfundisha kazi, akakikausha na kumpa msichana. Msichana alikishika kwa adabu, akakigeuza, akakirudisha. Alisema ni kikubwa kwa mdomo wake, na kwamba yeye anacho chake.