Nyama Ndani ya Mkate wa Chai

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa kike. Jina lake na la kijiji tumeyaficha kwa ombi lake.)

Ndugu wasomaji, nina miaka ishirini. Miezi mitatu iliyopita niliolewa na mwanamume ambaye nikisikia tu kengele ya baisikeli yake jioni, moyo wangu hufika mlangoni kabla ya miguu. Ni karani mjini Arusha. Mimi ni Mmeru, binti wa mkulima wa kahawa, na nilisoma shule ya bweni mpaka darasa la kumi. Yeye ni Mwarusha. Tunakaa upande wa juu wa Sekei, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kando ya boma la baba yake, na mapazia ya maua aliyatundika kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu nilimwambia napenda maua. Nawaeleza haya mjue kwamba nina mengi ya kupoteza.

Siku nilipoingia katika boma lile, baba mkwe alinipa ng'ombe mweupe mwenye baka jekundu shingoni. Kwa desturi yao, tangu siku hiyo yeye na mimi hatuitani kwa majina, tunaitana Pakiteng, yaani watu waliopeana ng'ombe. Mwanzoni niliona haya kuitwa hivyo, kisha nikapenda sana. Anayenikamulia ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyerudi kwao kwa sababu hakupata mtoto. Ndiye anayenifundisha kukamua. Siku nilipopigwa teke alicheka mpaka akakaa chini. "Msomi wangu," alisema, "ng'ombe haombwi kwa Kiingereza."

Jumamosi moja nikawaalika wanawake wa nyumbani kwa chai ya saa kumi. Nilitaka mama mkwe, ambaye tunamwita Yeyo, aone kwamba mwanawe hakujitwisha mzigo. Nikatandika kitambaa nilichodarizi mwenyewe, nikaoka keki katika sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, na maziwa nikayaweka pembeni kwenye jagi kama tulivyofundishwa shuleni. Nikatengeneza na sandwichi. Nilichemsha nyama, nikaitwanga pamoja na kitunguu na pilipili manga mpaka ikalainika kabisa, nikaipaka katikati ya mkate.

Walikuja watatu: Yeyo, wifi, na Koko, bibi yake mume wangu, ambaye hana meno. Koko alikula vipande vinne. "Maharage ya Wameru ni matamu," akasema. "Kumbe tulikuwa tunawaonea bure hawa watu wa ndizi." Wakacheka, nami nikacheka. Niliona haya kumsahihisha mtu mzima mbele ya wenzake, nikamwongezea maziwa kikombeni.

Kisha wakaanza kuzungumza juu ya jirani ambaye ng'ombe wake amekauka. Koko akasema, "Ni hawa vijana wa mjini. Mtu anakula nyama na kunywa maziwa siku hiyohiyo, tumbo hilohilo. Ng'ombe anajua. Kiwele kinaoza." Alisema hivyo huku akichovya mkate wangu katika chai.

Wasomaji, nilihisi baridi mpaka kwenye kucha. Kwetu sikulelewa na mwiko huo.

"Mbona umenyamaza, mke wetu?" Yeyo akaniuliza.

"Birika lina moto, Yeyo, limeniunguza."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika nyumba ile. Walipoondoka walinibariki mmoja mmoja, na Koko aliomba kipande cha kwenda nacho.

Siku ya tano kiwele cha ng'ombe wangu kilivimba upande mmoja, kikawa kigumu kama jiwe, na maziwa yakatoka na damu. Baba mkwe aliinama zizini akakigusa kiwele. "Pakiteng," akaniambia kwa upole, "nani anamshika ng'ombe wako?" Kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba sandwichi zile zilikuwa na nyama, hakuna aliyewaza habari ya nyama. Wote wakamtazama wifi. Baba mdogo wa mume wangu akasema waziwazi kwamba mkono wa mwanamke asiyezaa haufai kwenye kiwele. Wakaamua kwamba mahindi yakishavunwa, wifi atapelekwa kwa mjomba wake Monduli, na tangu sasa asiguse mnyama yeyote.

Nilimwambia mume wangu yote huku nikilia. Akanishika mikono. "Mpenzi, huo ni ugonjwa tu, bwana mifugo anautibu kila siku. Lakini ukisema, baba ataona nimemletea mtu aliyemlisha mama yake, Koko, mwiko. Hatakuita tena Pakiteng. Nyamaza, litapita." Nampenda mno, lakini kwa mara ya kwanza maneno yake hayakunituliza. Shuleni nilisoma habari za vijidudu na ninazikubali. Hata hivyo, kila ng'ombe yule akilia, najiuliza kama si mimi.

Jana wifi alinirudishia kibuyu changu cha kukamulia. Nilishindwa kumtazama usoni. Akasimama nje ya kizingiti. "Hata wewe, wifi? Nawe unauogopa mkono wangu?" Nikageuka nikafunika sufuria. Akadhani amejibiwa. Aliweka kibuyu chini, taratibu, akarudi zake.

Mahindi yameanza kukauka shambani. Nikisema, naogopa kupoteza nyumba niliyoipenda hata kabla sijaizoea. Nikinyamaza, wifi anapoteza nyumba ya kwao. Ninyi mlioolewa ugenini kabla yangu, nawaomba mnijibu mapema: niende kwa nani kwanza, kwa Yeyo au kwa wifi mwenyewe, na nikishakaa mbele yake nianze na neno gani?