Waliokuja Kuiangalia Nyumba ya Kwamboka

Nimekula kiapo mara moja tu maishani, mbele ya hakimu, katika kesi ya ng'ombe wa jirani. Hakimu akaniamini. Wewe si hakimu, lakini niletee Biblia uitakayo, ya Wasabato au ya Wakatoliki, nitaweka mkono juu yake na kuyarudia haya haya nitakayokuambia. Yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu timamu, bila kuonja hata tone la pombe. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hesabu kijijini kwetu, Nyaramba, na mtu wa hesabu hapendi mambo yasiyojumlika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi na kaka yangu mkubwa, Onsongo, tulikuwa tunauza nyumba mjini Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili. Vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati yasiyo na kutu, na jiko nyuma. Ukifungua dirisha asubuhi unasikia wanawake wakishusha ndizi na kutaniana. Nyumba nzuri. Nani asingeitaka?

Aliyeijenga ni dada yetu, Kwamboka. Ndiyo, mwanamke, peke yake, miaka ambayo mwanamke kujenga mjini lilikuwa jambo la kuchekwa. Alikuwa ameolewa Magwagwa. Hakujaliwa mtoto, basi ng'ombe wa mahari wakarudishwa naye akarudi. Nyumbani hapakuwa na mahali pake. Akaanza kununua ndizi vijijini na kuziuza Daraja Mbili, na ndizi hizo ndizo zilizonisomesha mimi. Sare, vitabu, chuo cha ualimu, vyote vilitoka mgongoni kwa Kwamboka.

Ugonjwa wa kifua ulipomlaza, nilikuwa kando ya kitanda chake katika nyumba hiyo. Akanishika mkono.

"Mnizike hapa," akasema. "Msinipeleke Nyaramba. Kule nitalala nje."

Nikamjibu, "Dada, nakuahidi."

Desturi ya wakati ule unaijua? Binti aliyerudi kutoka kwa mume hakuwa na kaburi ndani ya boma la baba yake. Wazee wakaketi, Onsongo akaketi nao. Wakasema mjini si mahali pa kuzika mtu wetu, na tena kiwanja chenye kaburi nani atakinunua? Nilikuwepo. Mimi niliyesoma, nilikuwepo, nikainamisha kichwa. Tukamzika nje ya uzio, majani chai yanapoanzia, kwenye mteremko ambapo maji ya mvua hupita. Matanga hayajapoa, tukaanza kutafuta mnunuzi. Tulikuwa tumeona shamba la jirani, tukalitamani kwa ajili ya chai.

Wa kwanza kuja kuiangalia nyumba alikuwa muuguzi mmoja na mumewe, Wasabato, watu wa heshima. Wakagonga kuta, wakafungua madirisha, wakacheka. Muuguzi akapita peke yake kuliona jiko. Aliporudi hakuwa anacheka. Alimnong'oneza mumewe, wakaaga.

"Ni nyumba nzuri sana, mwalimu," mume akasema. "Tutaomba, kisha tutarudi."

Hawakurudi.

Akaja askari mstaafu. Alipima sebule kwa hatua zake, akanionyesha mahali atakapoweka redio. Akaenda jikoni. Kutoka sebuleni nilimwona amesimama mlangoni mwa jiko, akavua kofia. Nilidhani ni joto. Akatoka, akapita karibu yangu bila kuniangalia.

"Nzuri," akasema. "Nitakuletea jibu."

Jibu halikuja. Wakaja wengine, wote wakasifu, wote wakapotea. Sisi Wakisii tuna adabu inayoweza kukumaliza. Mgeni hatakuambia usoni kwamba nyumba yako ina kasoro, kama vile hatakuambia chai yako haina sukari. Atasifu, atakunywa, ataondoka. Onsongo alisema kosa ni la bei. Mimi nikadhani ni rangi, nikapaka. Nikadhani ni mlango wa jiko uliokuwa ukilia, nikabadilisha bawaba. Niamini, nilitengeneza kila kitu ambacho macho yangu yaliona.

Wa mwisho alikuwa Ouma, fundi wa redio aliyetoka upande wa ziwani, mwenye kibanda karibu na stendi. Huyu aliipenda nyumba waziwazi. Alilala sakafuni chali kuangalia kama paa linavuja, fikiria. Naye pia, baada ya jikoni, akaaga na kwenda zake.

Safari hii sikukubali. Siku ya pili nikamfuata kibandani kwake. Alikuwa ameinama juu ya redio iliyofunguliwa tumbo.

"Ouma," nikamwambia, "sikuja kukulazimisha ununue. Nataka uniambie ukweli tu. Nyumba ina nini?"

Akaweka chombo chake chini. "Utanikasirikia, mwalimu."

"Sitakukasirikia."

"Nyumba haina kosa. Kosa ni lako. Unauzaje nyumba na mtu yumo ndani hamjazungumza naye?"

"Mtu gani?"

Akaniangalia kama anayeangalia mwongo. "Yule dada wa jikoni. Amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi. Nilimsalimia. Nikamwuliza, dada, nyumba ikiuzwa wewe utahamia wapi? Akaniambia, 'Mimi sijaambiwa kwamba inauzwa.' Mwalimu, mimi nina dada. Siwezi kununua nyumba namna hiyo."

Jiko lile lilikuwa tupu. Mimi mwenyewe nililifagia. Nikamwuliza yukoje huyo dada. Akasema ni mrefu, amejifunga leso ya kijani kifuani, na kidole gumba cha kushoto kimekatika nchani.

Kidole hicho kilikatwa na panga la ndizi, nilikuwa mtoto, nikakifunga kwa kitambaa cha sare yangu. Na leso ya kijani ndiyo tuliyomzika nayo.

Unafikiri niliamini? Sikuamini. Nilidhani Ouma amesikia habari za dada yangu sokoni, anataka kuishusha bei. Basi nikaenda zahanati kumtafuta yule muuguzi. Nilipomwuliza alifunga mlango kwanza.

"Tulidhani ni mke wako wa kwanza," akasema. "Mambo ya nyumba ya mtu hatukutaka kuyaingilia. Lakini miguu yake, mwalimu. Sakafu ilikuwa kavu, nayo miguu ilikuwa na matope mabichi mpaka magotini. Nikajiuliza, huyu mama analazwa wapi?"

Askari mstaafu nilimkuta kwake. Yeye hakutaka hata niketi. Alisema mwanamke huyo alimsindikiza hadi barabarani, mimi nikiwa nimebaki kufunga madirisha, akimwuliza neno moja tu, kwa upole, tena na tena: "Umeionaje nyumba yangu? Sema kweli, umeionaje?"

"Nikamwambia ni nzuri," askari akasema. "Ningemwambia nini?"

Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Daraja Mbili. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Labda kwa sababu wageni wote walikuwa wamemwona isipokuwa mimi. Ilikuwa saa kumi jioni. Mvua yetu ya Kisii unaijua, haina hodi. Ilinikuta nikiweka ufunguo mlangoni, mvua ya mawe, na mabati yakaanza kupiga kelele hata sikusikia ufunguo ukizunguka.

Nikapita sebuleni. Nikafika jikoni.

Alikuwepo. Sikuona moshi wala kivuli, usinielewe vibaya. Niliona mtu mzima, mwenye uzito, kigoda kikiwa kimeinamia upande mmoja chini yake kama kilivyokuwa kikiinama siku zote. Maganda ya ndizi yalikuwa yakidondoka kwenye mapaja yake. Utomvu ulikuwa umeufanya mkono wake mweusi. Na ile miguu, Mungu wangu. Matope ya Nyaramba nayajua, ni mekundu, na kati ya vidole vyake kulikuwa na majani chai yaliyooza.

Akainua kichwa, akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Karibu," akasema. "Wewe nawe umekuja kuiangalia?"

Sauti ilikuwa yake. Nikaitikia kwa kichwa. Je, wewe ungefanya nini? Ungekimbia?

Akasimama, akajifuta mikono, akaanza kunitembeza. Ndiyo, alinitembeza ndani ya nyumba niliyokuwa nikiiuza. Akanionyesha ukuta alioupiga lipu mwenyewe fundi alipougua. Akanionyesha dirisha alilolisubiri mwaka mzima, kwa sababu alitaka lenye vioo wala si mbao. Kila alipokanyaga hapakubaki alama ya tope, ingawa tope lilikuwa likitiririka. Tukafika kwenye chumba kidogo cha pembeni. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akashusha sauti kana kwamba mle ndani kuna aliyelala.

"Hiki ni cha mdogo wangu," akasema. "Anasomea ualimu. Akimaliza tutakaa naye hapa. Ana kichwa cha hesabu, yule."

Mvua ya mawe ilikuwa imepungua, nikasikia maji yakitiririka kwenye mfereji.

Akanigeukia. "Sasa sema kweli, mgeni. Umeionaje nyumba yangu?"

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Ningemwambia, dada, umekufa, tumekuzika mahali ulipotukataza, nami nauza nyumba yako ili ninunue shamba. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwadai watu wengine, wanieleze wazi bila adabu. Unajua nilisema nini?

"Ni nzuri," nikasema. "Ni nzuri sana."

Akaitikia taratibu, kama mtu aliyezoea. "Wote husema hivyo. Halafu hawarudi."

Akaanza kurudi jikoni. Hapo ndipo nilipopata nguvu, nikamshika leso. Ilikuwa baridi na imelowa, nzito kama gunia lililotolewa mtoni.

"Kwamboka," nikasema, "ni mimi. Ni ndugu yako."

Alinitazama. Alinichunguza uso, kisha mikono, kisha viatu vyangu vya ualimu, bila haraka, vile alivyokuwa akichunguza mkungu wa ndizi sokoni kabla ya kuukataa.

"Hapana," akasema. "Ndugu yangu aliniahidi."

Akaitoa leso mkononi mwangu, kwa upole kabisa, akafungua mlango wa nyuma, akatoka mvuani. Nilipofika mlangoni hapakuwa na mtu. Mawe ya mvua yalikuwa yamelala uani meupe, hayajakanyagwa.

Nyumba sikuiuza. Nilimwambia Onsongo kila kitu, akasema shule imeniharibu kichwa. Nilikwenda kwa wazee nikaomba tumhamishe dada yetu, tumlete mjini, hata kwa gharama yangu. Mzee mmoja akaniuliza tangu lini mtu anafukuliwa kama viazi. Mwingine akatema mate chini na kusema nikigusa kaburi lile nisimwite baba tena. Basi likabaki lilipo. Onsongo hakunisamehe kulikosa shamba. Tuliishi kama watu wa nchi mbili mpaka alipofariki, na kwenye mazishi yake nilisimama nyuma, pamoja na majirani.

Mimi niliomba uhamisho nikaja kukaa katika nyumba ile. Mke wangu, Bosibori, alivumilia miezi kadhaa. Hakuona kitu chochote, hakusikia kitu, ila alisema hawezi kuishi na mume anayekesha jikoni akisubiri mwanamke mwingine, hata kama ni dada yake, hata kama ni marehemu. Akarudi Nyaramba na watoto. Wanakuja Krismasi.

Na Kwamboka? Hajarudi tena. Watu wengi wamepita humu, wamekaa, wamekula, nami huwauliza kama wameona mtu. Hakuna. Ouma alikuja mara nyingi, akasema jiko ni tupu, na kila mara alikuwa akisema hivyo kwa huzuni.

Watu hunihurumia wakidhani niliogopeshwa na maiti. Hawaelewi. Kumwona kulikuwa afadhali. Kinachoninyima usingizi ni kwamba siku zangu nami zinakwisha, nitamfuata huko aliko, na nitakapofika nikamwita kwa jina lake, atanichunguza uso, kisha mikono, kisha viatu.

Wewe unayenisikiliza, labda kuna mgonjwa aliyekushika mkono ukamjibu "sawa" ili anyamaze, alale. Usingoje wazee wakupe ruhusa. Usingoje mvua ipite. Kama bado hujafanya ulichosema utafanya, inuka sasa hivi uende ukafanye, maana utafika wakati utamwambia wewe ni nani naye hatakubali.