Boriti za Nyumba ya Kanemitsu

Wiki moja baada ya ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu kifo cha mumewe, Shigeno Kanemitsu alirudi kutembeza wageni. Hakurudi kwa ujasiri, wala kwa kukimbia upweke. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Alhamisi, basi akavaa kizibao chake cha buluu akaenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea: mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu katika mtaa wa kale wa wafanyabiashara, kuanzia gatini hadi hekaluni. Siku hiyo wageni walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye mikono mipana, Tokuhara, fundi mstaafu wa mapipa ya mchuzi wa soya kutoka kisiwani Shodo.

Shigeno aliwaonyesha madirisha ya mbao, kuta za chokaa nyeupe, na uchochoro uliopindishwa makusudi ili moto na wezi wasipate njia iliyonyooka. Maneno yalimtoka yenyewe. Aliyasikia kama anayesikia redio ya jirani.

Mbele ya duka la achari, Isoe, rafiki yake wa tangu ujana, alitoa kichwa.

"Dada Shige! Hata majivu ya marehemu hayajapoa, ushaanza kuzurura?"

"Miguu imezoea."

"Zoea na kula pia. Umebaki mifupa mitupu, upepo ukivuma tutakuokota baharini!" Akamsukumia figili iliyofungwa kwenye mfuko.

Shigeno alijua hapo ndipo pa kucheka, akacheka.

Nyumba ya saba ilikuwa kiwanda cha mchuzi wa soya. Mumewe, Yasunori, alikuwa mtu wa kumi na moja wa ukoo wake kuchachusha soya mle ndani. Figo zilipomwangusha, mapipa yalikauka, na mwaka uliopita waliiuza nyumba wakahamia vyumba viwili karibu na stesheni. Sasa ilikuwa nyumba ya kulala wageni, imefunguliwa juzi tu. Shigeno hakuwa ameingia tangu akabidhi funguo.

Meneja, kijana mchangamfu, aliwakaribisha wote, wakavua viatu mlangoni. "Tazameni juu! Palikuwa peusi kama chungu, mama yangu, ukungu mtupu. Mafundi wamesugua wiki tatu."

Shigeno akatazama. Boriti zilikuwa na rangi ya mkate. Ule weusi ulikuwa na miaka mia mbili. Ndimo ilimoishi hamira iliyodondokea mapipani na kuupa mchuzi wa nyumba ile ladha isiyopatikana kwingine. Kwa miaka arobaini Yasunori hakuruhusu hata ufagio upite kule juu. Akiwa bibi harusi wa siku ya tatu, Shigeno alitoa utando wa buibui kwenye boriti moja, na mumewe akakaa hadi jioni bila kusema naye.

Alingoja kitu kije kupanda kifuani. Hakikupanda. Alihisi soksi yake ya kushoto imejikunja kidoleni.

"Pamekuwa safi," akasema.

Nyuma yake mtu alivuta pumzi kwa kwikwi. Mzee Tokuhara alikuwa amesimama kinywa wazi, machozi yakimtiririka.

"Wameiua," alisema. "Nani kawaruhusu? Hii ilikuwa hai!"

Meneja akabaki anapepesa macho. Shigeno akamkabidhi mzee leso yake. Alimtazama anavyolia, mabega yakimruka, na kitu pekee alichohisi kilikuwa karibu na wivu.

"Wenyewe wako wapi?" mzee akauliza.

"Bwana wa nyumba kafariki mwezi wa tatu."

"Na mkewe?"

"Yupo."

"Yukoje, maskini?"

Shigeno akafikiri, maana alitaka kujibu kweli. "Mzima. Anatembea."

Mzee akasoma kibandiko cha jina kwenye kizibao cha Shigeno, kisha kibao kikubwa juu ya mlango, chenye jina lilelile la ukoo. Akainama, akainama sana, hata wenzake wakageuka kutazama. Shigeno naye akainama kama adabu inavyotaka. Kisha akasema hekalu hufungwa saa kumi, afadhali wasogee.

Usiku alipika wali, akala na figili ya Isoe, akalala bila ndoto.

Alhamisi iliyofuata aliingia tena mle ndani na wageni wengine, watu wa benki kutoka Osaka. Meneja alipomaliza maelezo yake, Shigeno alinyoosha kidole juu.

"Hapo palikuwa peusi," akasema. "Ule weusi ndio uliopika mchuzi. Mwenyewe aliitwa Yasunori, na hakupenda paguswe."

Sauti haikutetemeka. Mmoja akauliza kama mchuzi ule bado unauzwa mahali.

"Hapana," alijibu Shigeno, akawaonyesha pa kuvalia viatu vyao.