Mwenzetu Tuliyemhama

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa mhandisi Mgiriki, mzee asiyependa redio. Jioni nikimtoa kwa gari ofisini kwake, mtaa wa Sulimaniyah, na magari yamekwama, yeye ndiye aliyekuwa redio. Niliacha shule darasa la saba, wazazi walipofariki na wadogo zangu wanne wakabaki mikononi mwangu, kwa hiyo historia ninayoijua nyingi niliipata ndani ya gari lile.

Siku moja alinisimulia kuhusu chama cha siri cha kwao, enzi Wagiriki wakiwa chini ya Sultani wa Waturuki. Kilianzishwa na wafanyabiashara wachache, wakala kiapo. Mmoja wa waliojiunga mapema alikuwa na mdomo mpana. Kila mji aliofika alijigamba. Wenzake wakasafiri naye, wakamuua njiani.

"Mwenzao kabisa?" nikauliza.

"Mwenzao. Na uhuru tukaupata," akasema. "Twende, magari yameanza kusonga."

Na sisi tulikuwa na siri yetu. Kila Ijumaa Wakenya kumi na wawili, madereva na walinzi, tulikutana chumbani kwa mmoja wetu kusali, kwa kuwa kanisa huko ni marufuku. Tuliingia mmoja mmoja. Viatu tulivibeba ndani kwenye mifuko, maana rundo la viatu mlangoni linaeleza kila kitu. Na kila mtu alikuwa ameapa, mkono juu ya Biblia, kwamba hatamleta mgeni bila wote kukubali.

Tulianza watatu: mwenye chumba, mimi, na mlinzi mmoja wa ghala, mtu wa Bungoma, ambaye wazo lenyewe lilikuwa lake. Lakini alialika watu kwa kinyozi, akawaalika dukani. "Bro, wewe si wa nyumbani? Ijumaa njoo upate neno na chapati!"

Tulimwonya. "Kwani neno la Mungu ni bangi?" akatujibu, tukacheka. Ijumaa iliyofuata akaja na mtu ambaye hakuna aliyemjua. Mgeni yule alikula, akauliza maswali mengi, hakurudi tena.

Hofu ikatuingia. Mimi nikinyang'anywa ikama, kibali changu cha kuishi huko, na kurudishwa nyumbani, wadogo zangu wote wanaacha shule kama nilivyoacha mimi. Ndipo niliposema, mimi na si mwingine, "Tuhame. Yeye tusimwambie."

"Lakini huyo ndiye aliyetuanzishia," mwenye chumba akasema.

"Ndiyo maana anajua kila kitu."

Maneno hayo yalitoka rahisi mno. Nilikuwa nimeyapata kwa Mgiriki.

Nikatumwa mimi kumwambia kwamba ibada imekwisha, halas, kila mtu aombe kivyake. Sisi tukahamia mtaa mwingine. Muuza duka wa chini ya chumba kile cha zamani aliniambia baadaye kuwa Ijumaa tatu mfululizo alimwona yule wa Bungoma amekuja, akabisha, kisha akaketi kwenye ngazi. Baadaye kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia Jeddah.

Mwaka uliofuata bosi alikuwa na kazi Jeddah. Nilimshusha Balad, mji wa kale, akanipa muda wa saa tatu, nikaenda mtaa wa Ghulail kumtafuta mwenzangu. Nilisema moyoni kwamba nitamwambia ukweli.

"Wewe!" akapiga kelele aliponiona. "Mbona umekonda hivi? Mgiriki anakulisha majani?"

Alinikalisha kitandani, akachemsha chai. Tulizungumza mambo ya nyumbani. Kisha akauliza, "Na wale wengine, mnaonana?"

"Mafi, hatuonani," nikasema. "Kila mtu na shughuli zake."

Akatikisa kichwa. "Hayo ni makosa yangu. Yule mtu niliyemleta. Niliwatia hofu, mkatawanyika. Kila nikikumbuka naona aibu, bro. Watu walikuwa na mahali pamoja tu pa kupumulia, nikapavunja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikunywa chai.

Akasimama, akanishika mkono, akaomba. Alitutaja wote kumi na mmoja, kila mtu na shida yake, hata mguu wa mwenye chumba, hata karo ya mdogo wangu wa mwisho. Akamsihi Mungu amsamehe, atukusanye tena.

Nikasema amina.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa nilikuwa Riyadh, nimeketi katikati ya wenzangu, na nilipoulizwa habari za safari nilisema Jeddah kuna joto.