Mbavu Nilizozipunguza Ndani ya Gitaa la Furaha

Ninayoikumbuka kuliko siku zote, mwanangu, ni Jumamosi moja, ingawa kosa lenyewe nililifanya wiki tatu kabla yake. Hizo wiki tatu ndizo zilizonizeesha. Watu wa hapa Uvira wanasema nilitoka mvi mapema kwa sababu ya vita. Waache waseme. Mimi najua zilianza lini.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi, nafanya kazi kwa Mzee Kashindi, fundi wa magitaa pale Kimanga. Karibu korali zote, yaani kwaya za kanisa, za upande wetu wa ziwa zilipiga magitaa yake. Nilikuwa nimeshajua kupiga randa, kukunja mbao za pembeni kwa maji ya moto na kupaka kole, ile gundi yetu. Kazi moja tu alikuwa hajaniachia, ile ya ndani. Wewe umeshalifungua gitaa, umeona mwenyewe. Nyuma ya ule ubao mwembamba wa mbele, tunaouita tumbo, kunabandikwa vijiti vya kuushikilia. Sisi tuliviita mbavu. Anayenunua havioni, anayepiga havioni, na ukishafunga mgongo hata fundi havioni tena, labda apapase kwa vidole kupitia lile tundu.

Mbavu za Mzee Kashindi zilikuwa nene. Mbili za kukatiza, na ya tatu nzito kabisa chini ya shevale, yaani kile kipande cha mti pale mbele nyuzi zinapofungiwa. Mimi nilizionea haya, mimi ambaye patasi ilikuwa bado inanishinda kunoa! Sababu ni kwamba parokia ilikuwa imetuletea gitaa la padri mmoja wa kigeni wa zamani, mgongo umepasuka, tulitengeneze. Ndani nilikuta mbavu saba nyembamba, zimetandazwa kama vidole vya kuku. Ukiligonga tumbo kwa kucha, linaitika vizuri mpaka unatabasamu. Nikajiambia, kumbe mzee wetu anafanya mambo ya kizamani.

Wakati huo tulikuwa tunamtengenezea gitaa Furaha, binti wa mvuvi mmoja wa Mulongwe, mpigaji wa korali ya huko. Furaha alikuwa na tabia yake. Akipiga alijiinamisha mpaka shavu linakaribia mbao, jicho la kulia liko juu ya nyuzi kabisa. Alisema bila hivyo hajisikii, kwa kuwa wale mama wa sauti ya kwanza walikuwa wanamfunika.

Basi Mzee akafiwa na dada yake kule Kiringye. Kabla ya kuondoka aliniambia macho yake yameanza kumsumbua, na kwamba kazi ya ndani sasa ni yangu: niweke mbavu kama alivyonionyesha, nifunge, nimsubiri. Alikaa siku nne. Mimi nikaweka saba nyembamba. Nikafunga. Nikafunga na nyuzi, zile zetu za waya tunazochambua kutoka kabo ya freni ya kinga, baiskeli ndiyo.

Aliporudi, gitaa lilikuwa linaunguruma. Alilipiga mara moja, akalipiga tena. Furaha alipokuja kulichukua, akamwambia mbele ya wenzake wawili wa korali kwamba safari hii kijana amemshinda yeye mwenyewe. Mwanangu, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia jioni ile ile nilichofanya, lakini baada ya sifa ile ningeanzia wapi? Nikasema nitamwambia kesho.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, nilikaa karibu na korali, niisikie kazi yangu. Watu walikuwa kwenye sala ya imani. Mwanga wa dirishani uliangukia tumbo la gitaa, nikaona umepinda. Nyuma ya shevale ubao ulikuwa umepanda, kidogo tu, kama ngozi iliyoumwa na mdudu. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu na sikukitia akilini. Lile gitaa la padri lilikuwa na nyuzi za nailoni.

Nailoni inavuta taratibu. Waya ya freni inavuta bila huruma, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Na nilikuwa nimeshaona shevale iking'oka pale atelye, karakana yetu. Iliruka na waya zake zote ikapasua kioo cha taa upande wa pili wa meza. Nikamtazama Furaha amejiinamisha, jicho lake liko palepale. Sala ya imani sikuimaliza.

Sasa utaniuliza, mtu na akili zake anasubiri nini? Hata mimi najiuliza mpaka leo. Kila asubuhi nilikuwa naingia atelye maneno yako mdomoni, kisha namsalimia Mzee, naongea habari ya mvua. Nilimwendea Furaha nikamwomba anipe gitaa nibadilishe nyuzi. Akakataa. Alisema linaimba vizuri, nisiliguse. Nikarudi mara ya pili, akacheka. Mara ya tatu alinitazama kwa namna nyingine, akasema atafikiri. Nikisikia ubao umeanguka popote mtaani, roho inaruka.

Na kila Siku ya Mungu nilikuwa kwenye benchi lile lile, nimemkazia macho, napima uvimbe. Ya pili ulikuwa umeongezeka, ya tatu zaidi. Wale mama wa korali walishaamua kwamba nimependa. Walinitania mlangoni, wakaniuliza nitaleta mbuzi wangapi. Nikawa nacheka nao, jasho linanitiririka mgongoni.

Ndipo ikaja hiyo Jumamosi. Baba yake Furaha alifika atelye mchana, amevaa shati safi, akapewa kiti. Aliuliza habari ya msiba wa Kiringye, akauliza habari ya macho ya Mzee. Kisha akaja kwenye neno lake.

"Fundi, huyu kijana yako iko anaangaliaka mutoto yangu kila Siku ya Mungu. Haimbi, haombi. Kama iko na neno, aliseme mbele yetu wazee."

Mzee Kashindi akaweka patasi chini. Nilimwona amefurahi. "Sema basi," akaniambia. "Unaangaliaka nini?"

Nitakwambia ukweli ambao sijawahi kuwaambia wengine. Nilikuwa karibu kukubali. Niliona heri nioe kuliko kusema nilichofanya! Lakini yule baba, akidhani naona haya na akitaka kunisaidia, akaendelea kuongea, akasema hata sasa Furaha iko kwenye repetisyo, mazoezi ya korali, kesho ni sikukuu ya parokia, na kiongozi wa korali ameagiza magitaa yote yakazwe yapande juu, yafuate sauti za wamama.

"Minye naangaliaka gitaa," nikasema. "Niliweka mbavu ndogo, kama za ile ya padri. Tumbo imevimba. Shevale itang'oka."

Mzee hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kama nyuzi ni waya, nikasema ni waya. Akasimama akatoka. Yeye aliyekuwa anafunga kufuli hata akienda chooni, siku hiyo aliacha mlango wazi na vyombo mezani. Baba Furaha alikuwa bado haelewi, nikamweleza tukitembea: jicho la mtoto wake liko juu ya kitu kinachotaka kuruka. Akaacha kunisikiliza, akakimbia.

Tulivuka daraja la mto Mulongwe, Mzee anachechemea nyuma yangu. Kutoka barabarani tulisikia magitaa yanakazwa, ule mlio wa waya unaopanda, unasimama, unapanda tena. Nilikuwa nahesabu nyua zilizobaki. Kisha ukaja mlio mmoja mkavu, kama kuni inayovunjwa kwenye goti, na magitaa mengine yote yakanyamaza.

Furaha alikuwa amekaa chini, kitenge amekibana usoni, damu inapita katikati ya vidole. Baba yake alipiga magoti akamwondoa mkono polepole. Waya ilikuwa imempasua kutoka mfupa wa shavu mpaka karibu na sikio. Jicho lilikuwepo. Lilikuwa jekundu, limefunguka, na lilikuwa linanitazama mimi.

"Ndiyo maana ulikuwa unaniombaka hii gitaa," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

Nikasema wiki tatu kasoro. Akageukia ukutani. Baba yake hakunitukana. Alimwinua akampeleka santre ya afya kushonwa, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya kiti.

Jumatatu Mzee Kashindi alifungua lile gitaa mezani. Mbavu nne kati ya saba zilikuwa zimeshabanduka. Alinieleza bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Aliyetengeneza gitaa la padri hakukosea, alisema, alizifikiria nyuzi zake mwenyewe, na mbavu nyembamba zinaliachia tumbo litetemeke, ndiyo maana sauti inatoka. Yeye mwenyewe Mzee alikuwa na mbavu nyembamba zamani, watu walipokuwa wanafunga nailoni ya wavuvi. Walipoanza kuchambua kabo za freni, akazinenepesha. Korali zilipoanza kupandisha sauti, akaongeza ile ya tatu.

"Minye nilibadilisha kwa sababu kuko kitu kilibadilika," akasema. "Weye ulibadilisha kwa sababu gani? Lakini mbavu nimekusamehe. Zile wiki tatu, hizo si zangu. Muulize Furaha."

Nilimwomba msamaha, akanipa. Nikamtengenezea gitaa lingine, mkono wa Mzee ukiwa juu ya wangu, akalipokea na akalipiga miaka mingi. Leo ana wajukuu, kovu limeingia kwenye makunyanzi, hulioni usipolitafuta. Lakini kila ninapomkabidhi gitaa lenye nyuzi mpya, kabla ya kulipiga mara ya kwanza, anageuza uso pembeni na kufumba macho. Anapiga. Anangoja. Kisha ndipo anajiinamisha. Hata mwaka huu amefanya hivyo. Hafanyi kwa kunikomoa, nadhani hata hajui kama anafanya. Mimi ndiye ninayejua.

Kwa hiyo, mwanangu, mbavu badilisha. Sikukatazi, mafundi wote wanabadilisha. Ila uliza kwanza ni nyuzi gani zitavuta, ubao wako ni mnene kiasi gani, na huyo mtu atalikaza mpaka wapi. Na siku utakapokosea, maana utakosea, nenda ukaseme kabla jua halijazama, hata kama umeshasifiwa, hasa kama umeshasifiwa. Aibu ya siku moja utaizoea. Mungu ailinde mikono yako na macho yako, akupe na ulimi mwepesi wa kukiri. Akujalie wanaopokea kazi yako waipige bila kugeuza uso.