Nilipokuwa Mguu wa Babu

Mpira mkuukuu ukikaa juani hutoa harufu nzito, tamu kidogo. Nikiinusa popote, hata nje ya maktaba ya chuo kikuu, mikono yangu hutaka kuvuta kitu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, nje kidogo ya Nyamache, Babu alikuwa na lori la kubebea ndizi. Siku moja alianguka kutoka juu ya shehena, na tangu hapo goti lake la kushoto likakataa kukunjika. Lori likabaki migombani. Kuku wakataga chini ya kiti, mchwa wakala usukani, ambao duara lake lilikuwa la mbao. Baba yangu alipendekeza liuzwe kama vyuma chakavu. Jibu la Babu lilikuwa kumwita Fundi Salimu kutoka Kisii mjini.

Salimu alikunja bomba likawa duara jipya la usukani, akalizungushia vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, kisha akalichomelea kishikio ili Babu auzungushe usukani kwa mkono mmoja. Klachi ndiyo iliyomsumbua. Mguu wa kushoto haukuweza kuikanyaga, mkono wa kushoto ulikuwa na kazi ya gia, na wa kulia ulikuwa na usukani.

"Mungu alikunyima mkono wa tatu, mzee," Salimu alisema.

"Hii mguu imekataa," Babu alimjibu kwa Kiswahili chake cha soko, "lakini macho iko. Tengeneza."

Akatengeneza fimbo ya chuma iliyotoka kwenye pedali hadi upande wa abiria, avute atakayeketi hapo. Kisha akamgeukia mama yangu, ambaye urefu wa mkono wake alikuwa ameukadiria kwa jicho akimwona anaanika nguo. "Panda, mama, ujaribu."

Mama alitazama chini, Babu akatazama migomba. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaketi bega kwa bega, sembuse kusaidiana klachi. Salimu, mtu wa mjini, alidhani fimbo ina kasoro, akainama kuikagua.

Nyanya ndiye aliyecheka. Mjukuu na babu hawana haya baina yao, na tangu nizaliwe aliniita mke mwenza. "Mpandisheni huyu," alisema akinisukuma. "Anakula jasho la mume wangu bure."

Nilikuwa darasa la tatu, mwembamba kama ufito. Salimu aliirefusha fimbo kwa kipande cha bomba ili uzito wangu utoshe, nami nikaamini nimechaguliwa kwa nguvu zangu.

Siku ya soko tuliondoka. Mama aliketi nyuma juu ya ndizi. Baba alifuata kwa miguu na gogo la kuzuia gurudumu, kwa sababu kabla ya soko kuna mlima, na alikuwa ametamka wazi kwamba lori likishindwa hapo, litauzwa.

Katikati ya mlima injini ilianza kukohoa. "Vuta," Babu alisema. Nikaning'inia kwenye fimbo, gia ikaingia. "Sasa acha, polepole." Niliiachia kama niliyeshika kaa la moto. Lori likaruka, likazimika. Babu alikanyaga breki. Nyuma nikasikia gogo likigonga tairi, na sauti ya Baba ikimtaja mnunuzi wa vyuma.

Babu hakunikaripia. Alipangusa jasho. "Mke wangu," aliniambia kwa Kikisii, "umeona mama yako akimlaza mtoto aliyesinzia? Hamtupi kitandani. Acha hivyo."

Akawasha tena. Nikaiachia fimbo kana kwamba namlaza mdogo wangu, na lori likapanda. Juu ya ndizi Mama akaanzisha wimbo wa Sabato, ingawa haikuwa Sabato.

Lori halikuuzwa. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama habari za ushujaa wangu. Nilipojifunza kuendesha gari Nairobi, mwalimu aliniuliza kwa nini nasitasita kabla ya kukanyaga klachi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nangoja kuambiwa. Jioni hiyo ndipo nilipomfikiria Babu vizuri. Hakuwahi kumruhusu Baba hata kuwasha lori lile, na nyumbani kwetu Babu ndiye aliyengojwa: chakula, sala, hata mazungumzo. Lakini njia nzima hadi sokoni, kila kona na kila mteremko, alisema "vuta" kwa sauti ya chini, kisha yeye, mzee yule, akangoja.