Machela ya Mama Mkwe

Shemeji zangu watatu walisema sitafika hata Sikonge. Walisema gari litazimika, watoto wataharisha, na mama yao nitamrudisha nyumbani Ipuli akiwa na mgongo uliovunjika. Mkubwa wao aliongeza, mbele ya mke wangu, kwamba mtu mwenye nyumba yake kwenda kulala porini kwa hiari ni dalili ya kwanza ya wazimu.

Hawakujua wanaongea na nani. Nina diploma ya ufundi wa magari, ipo ukutani sebuleni na kila mgeni huisoma, apende asipende. Miaka kumi na miwili niliendesha watalii Botswana, nikiwapikia na kuwafungia mahema. Na pikapu yangu ya milango minne niliiunganisha mwenyewe kutoka magari mawili yaliyokwisha kufa.

Safari ilikuwa ya mama mkwe. Alizaliwa kando ya Mto Ugalla, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana, wakati watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Hakuuona tena. Sasa magoti yanamharibikia mwaka hadi mwaka, na alikuwa anaomba jambo moja tu: anawe uso kwa maji ya pale kabla hajashindwa kabisa kutembea. Wanawe walikuwa wakimwahidi tangu sijaoa.

Vifaa vya kambi sikuwa navyo, maana vya Botswana vilikuwa vya tajiri aliyeniajiri. Nikaenda kwa mashemeji haohao. Mmoja akaniazima hema, wa pili viti vya kukunja, mkubwa sufuria na madumu. Wote waliniazima huku wakicheka.

Tuliondoka Oktoba, mvua bado, miyombo imeshatoa majani mapya mekundu bila kungoja tone la maji. Mama mkwe alikaa nyuma na wajukuu wawili. Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake ovyo, wala hamtazami usoni, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwa binti yangu wa miaka tisa.

"Mwambie baba yako apunguze mwendo."

"Baba, bibi anasema upunguze."

"Mwambie bibi barabara hii naijua."

"Bibi, baba anasema anaijua."

"Mwambie hata lile shimo mbele alijue."

Kabla ujumbe haujanifikia tulikuwa tumeshaingia shimoni.

Alasiri tulifika mahali pa kupiga kambi. Nilisimamisha hema kwa dakika kumi na mbili, nikarudi nyuma hatua mbili ili nisifiwe. Mama mkwe alilizunguka polepole.

"Muulize baba yako, jingine liko wapi?"

Jingine halikuwepo. Mimi na diploma yangu nilikuwa nimeazima hema moja la watu sita, nikasahau kwamba mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto, kule Botswana ulikuwa unawalaza wazungu na wakwe zao?"

Nikalala kwenye bodi la pikapu. Mbu wa Ugalla walinisoma wote, ukurasa kwa ukurasa.

Asubuhi tukaushika mkondo mkavu unaoelekea mtoni. Gari likazama mchangani. Mto tuliuona mbele yetu, labda nusu kilometa, lakini kwa magoti yale ni kama mwezini. Kumbeba mgongoni siwezi, mkwe hamgusi mama mkwe. Mke wangu peke yake hamuwezi, mama ni mtu wa mwili.

"Mwambie baba yako turudi," alisema. "Nimeiona miti. Inatosha."

Binti yangu hakuufikisha ujumbe ule. Alinitazama tu.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, na habari hiyo naisimulia kila harusi. Nikafungua mabomba mawili marefu ya keria ya gari, nikayafunga kwa kamba pande zote mbili za kiti cha kukunja. Machela hiyo. Mama mkwe akakaa, akajitanda kanga vizuri. Mimi mbele, mke wangu nyuma, watoto wamebeba viatu.

"Mwambie baba yako asinitikise kama gunia la karanga."

Katikati ya njia nikazama mpaka ugoko, nikayumba.

"Baba, kulia!" mama mkwe akanipigia kelele. "Pita kulia, chini ni kugumu! Ndiko tulikopita na mitungi!"

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu bila mkalimani.

"Sawa, mama," nikasema, nikapita kulia. Kulikuwa kugumu kweli.

Alinawa uso. Akanawa tena. Kisha akatia miguu majini na kuwaonyesha wajukuu mahali ambapo mama yake alikuwa akisugulia vyungu kwa mchanga, na alicheka peke yake kwa jambo ambalo hakutueleza.

Gari nililikwamua jioni kwa matawi chini ya magurudumu, na Jumapili iliyofuata nilirudisha vitu vya watu. Kwetu sufuria ya kuazima hairudi tupu, kwa hiyo nilikuwa nimenunua asali na samaki wakavu njiani, nikagawa nyumba kwa nyumba. Mama mkwe akadai twende wote. Kwa shemeji mkubwa tulifika mwisho. Alifunua sufuria, akaiona asali, akamgeukia mama yake.

"Mama, kweli ulifika?"

"Nilifika. Nikanawa."

"Mpaka kwenye maji?"

"Sasa ningenawa na mchanga?"

Shemeji akamwita mkewe alete chai. Nikanywa vikombe viwili bila haraka, sidaiwi na mtu hata kijiko.